Vitumba Viwili Nyuma ya Pua

Haya nilisimuliwa na mke wa Mzee Vichwa, msimu ule maji ya bomba yalipokuwa yakitoka kwa machozi na sisi wanawake tukishinda pale tukivizia ndoo zijae. Mumewe naye alikuwapo, kaleta kiti chake mwenyewe, na kila mkewe alipoteleza alimsahihisha. Kwa hiyo maneno haya yana midomo miwili, mimi nimeyaunga tu.

Mzee Vichwa aligonga mara moja. Hakuwa mtu wa kugonga mara mbili. Mgongo wa kisu ulitua kwenye paji la uso, fuvu la panya buku likafunguka kama ganda la karanga, kijiko chake cha pembe kikaingia, kikazunguka, kikatoka na ubongo mzima, mweupe, haujachubuka popote. Akauinua kuelekea dirishani.

"Ona hiyo," alisema. "Yai limetoka na kuku hana habari."

Daktari, yule binti mtafiti aliyemwajiri pale maabara, hakuutazama ubongo. Alilichukua fuvu tupu, lile ambalo kila siku lilikuwa la kutupwa, akawasha kurunzi ndogo na kuchungulia ndani yake kwa jicho moja, kama mtu anayetazama kisima. Alikaa hivyo mpaka Mzee Vichwa akachoka kuinua mkono.

"Mzee," alisema. "Njoo uone."

"Nione nini? Humo nimeshatoka."

"Njoo."

Alikwenda. Mbele kabisa ya fuvu, kwenye pembe nyembamba inayopakana na pua, vilikuwa vimebaki vitu viwili vidogo, vimelala sambamba, kila kimoja mfano wa kitumba cha ua ambacho bado hakijafunguka. Vilikuwa vimekatika nyuma, na pale vilipokatika palikuwa pamechanika kama ukingo wa mkate uliomegwa.

"Hivyo ndivyo vitumba vya kunusia," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Mzee Vichwa angependa zaidi angepiga kelele. "Ndivyo nilivyokuwa nikivipima. Ndivyo nilivyodhani ninavipima. Tangu tuanze, mzee, kila ubongo ulionipa umeviacha ndani."

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini binti yule alikaa chini akashika kichwa, lazima ajue kilichokuwa ukutani. Palikuwa na karatasi kubwa yenye mstari unaopanda na vitone vya wino, kila kitone mnyama. Daktari alikuwa akisema kwamba ubongo ni nyumba yenye vyumba, na mnyama hukigawa kila chumba kwa kadiri ya maisha yake. Popo, anayeishi kwa masikio, chumba chake cha kusikia ni kikubwa. Tumbili kajaza nyumba kwa macho, akabakiza kijichumba tu cha kunusa. Mara nyingi nyumba ikipanuka, vyumba vyote hupanuka pamoja, ila hicho cha kunusa ndicho mkaidi, kina njia zake. Daktari alitaka kujua kama wanyama wanaotembea gizani na kuficha chakula ardhini wana chumba cha kunusa kikubwa kuliko wenzao. Bongo za wengine wote zilikuwa kwenye chupa pale maabara tangu kabla yeye hajazaliwa. Panya buku hakuwapo. Ndiyo maana alikwenda sokoni kumtafuta mtu wa vichwa.

Jina lenyewe Mzee Vichwa alilipata huko sokoni, alikouza vichwa vya mbuzi na ng'ombe tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Wateja walitaka bongo litoke zima, na hakuna aliyelitoa zima kama yeye. Banda lake sasa lilikuwa likiuza makava ya simu.

Panya wakaletwa na wakulima, waliowatega mashambani. Mzee Vichwa akagonga, Daktari akapima, na kitone cha panya buku kikaanguka chini, chini kabisa, kikakaa jirani na tumbili. Mnyama anayejulikana kwa pua, anayenusa mahindi ndani ya gunia ndani ya ghala, eti hana chumba cha kunusa. Daktari alirudia mizani. Alirudia hesabu. Alibadilisha dawa ya kuhifadhia, akagombana na aliyemuuzia. Miezi ikaenda hivyo, na Mzee Vichwa alikuwa akimtazama na kumwonea huruma, akijisemea kwamba elimu nayo ina mateso yake.

Kumbe mateso yenyewe ndiye yeye.

"Mimi nimetoa bongo tangu kabla mama yako hajaolewa," alisema, na hata yeye aliisikia hasira yake ikitoka mapema mno. "Hakuna mteja aliyewahi kurudi akaniambia kimebaki kipande."

"Mteja alikuwa anakwenda kula, mzee."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuhesabu."

Mzee Vichwa alikifuta kijiko chake, ingawa kilikuwa safi. "Wewe ulinionyesha wapi kwamba kuna kitu huko mbele? Ulisema ubongo mzima. Nikakupa mzima."

"Kweli," alisema Daktari. "Sikukuonyesha. Nilikuona mkono wako ulivyo, nikaona haya kukufundisha." Akazima kurunzi. "Tumebakiwa na kichwa kimoja kwenye jokofu. Mavuno yamekwisha, mitego imeanikwa, hakuna mwingine atakayekuja. Na mwisho wa mwezi nafasi yangu hapa inapewa mtu mwingine. Kikiharibika hicho, panya buku namfuta ukutani."

"Kesho nitakitoa."

"Nilifikiri nimwite yule fundi wa hospitali anayepasua maiti. Ana vifaa."

Maneno hayo yalimwingia Mzee Vichwa kama mfupa wa samaki, hayashuki na hayatoki. "Mwite," alisema. Akavaa kofia. Akafika mlangoni, akarudi. "Usimwite. Nipe mimi."

Mlinzi wa geti, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila utani, alimuuliza kama leo kamwekea mchuzi wa panya. Kwa kawaida Mzee Vichwa angemjibu kwamba panya wenyewe wamekataa kuliwa na mtu mwenye meno mabovu. Siku hiyo alipita tu. Mlinzi akasimama kumwangalia, maana kutojibiwa kulimuuma kuliko kutukanwa.

Nyumbani nako jiko lilikuwa baridi.

Mkewe alikuwa amegoma kupika. Si kwa kelele. Alikuwa ameosha sufuria zote, akazipanga kwa ukubwa, akazifunika kwa kitambaa kama watu waliolala, na tangu siku hiyo walikula mikate na ndizi. Sababu ilikuwa hii: alikuwa amesema hasikii harufu, na mumewe akakataa kuamini.

Ilianza tangu alipopanda kigodani kutundika pazia, kigoda kikamkimbia, akaanguka chali na kupiga kisogo sakafuni. Aliinuka akicheka. Hakukuwa na jeraha, hata nundu haikufika saizi ya ndimu. Lakini baada ya siku chache akaunguza wali. Halafu maharage. Halafu akamwekea mgeni maziwa yaliyokwisha kuharibika, mgeni akayashika mdomoni bila kujua ameze au ateme, na Mzee Vichwa akasema mbele ya mgeni yule, "Siku hizi mke wangu kawa mzembe, mtuwie radhi." Ndipo sufuria zikafunikwa.

"Pua unayo?" ndivyo alivyozoea kumuuliza. "Ina mafua? Haina. Hewa inapita? Inapita. Basi harufu inakwama wapi, mlangoni?"

"Sijui inakwama wapi. Ningejua ningeifungulia."

Jioni hiyo alimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, kajifunika uso kwa sweta dogo la mjukuu wao. Mtoto yule alikuwa amelelewa hapo mpaka alipoanza kutembea, kisha mama yake akamchukua wakahamia mbali alikopata kazi, na sweta likabaki kwa kusahauliwa. Mzee Vichwa alidhani mkewe analia, akataka kusema neno, lakini alipoteremsha sweta macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa tu na uso wa mtu aliyebisha hodi muda mrefu kwenye nyumba anayojua kwamba ina watu.

"Maziwa yamo kwenye kikombe," alisema. "Sijui kama ni mazima."

"Yanuse."

Mkewe alilikunja sweta, akaliweka chini ya mto, akageukia ukuta. Mzee Vichwa aliyanywa maziwa. Yalikuwa yameanza kuchacha. Aliyamaliza yote kwa ubishi, usiku kucha tumbo likamsema, wala hakuthubutu kulalamika.

Asubuhi Daktari alikuwa kamwandalia meza. Hakukuwa na kisu chake. Palikuwa na kibano, mkasi ambao ncha zake hazizidi meno ya sindano, na koleo dogo la kubanjua mfupa, vyote vimeazimwa hospitali.

"Hakuna kugonga," alisema Daktari.

"Nimesikia."

"Tunaanzia nyuma, tunabanjua kipande kwa kipande mpaka puani. Kama kumenya yai ambalo halijaiva."

"Nimesikia, binti."

Alibanjua. Kipande kikatoka, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kingine. Mkono wake uliichukia kazi ile. Ulikuwa mkono wa pigo moja, ulishazoea kwamba kitu kikifunguka kimefunguka, na sasa ulikuwa ukiombaomba mlangoni kama mdeni. Shingo ilimwuma. Jasho lilimshuka mpaka kwenye miwani aliyoazimwa, akaipangusa, ikachafuka zaidi. Mara mbili koleo liliteleza, na mara zote mbili Daktari alivuta pumzi kwa nguvu, jambo ambalo lilimkera kuliko kuteleza kwenyewe.

"Usivute hewa hivyo. Unanivutia na mkono."

"Samahani."

"Kaa kule."

"Nikikaa kule sioni."

"Ndiyo maana nakwambia kaa kule."

Hakwenda. Jua lilihama kutoka dirisha la kwanza hadi la pili. Paa la fuvu likaisha, ubongo ukaonekana wote, na kweli, mbele yake, ukipitia kwenye kishingo chembamba, palikuwa na vile vitumba viwili, vinene, vimejikita kwenye pembe ya pua kama watoto wanaochungulia dirishani. Mzee Vichwa alivitazama. Miaka yote ile, kwa mbuzi na kwa ng'ombe, kijiko chake kilikuwa kikipita nyuma ya hivi.

"Sasa usinyanyue," alisema Daktari. "Tazama chini yake."

Aliinamisha kichwa. Chini ya vitumba palikuwa na mfupa mwembamba wenye matundu madogo madogo, mfano wa chujio la chai, na kwenye kila tundu ulipita uzi. Nyuzi zenyewe zilikuwa nyembamba kuliko za buibui. Zilitoka puani, zikapenya chujio, zikaingia kwenye vitumba.

"Hizo ndizo zilizokuwa zinavishikilia," alisema Daktari. "Wewe ulikuwa ukinyanyua, zenyewe zinavuta, kitumba kinachanika. Lazima zikatwe kwanza."

"Na harufu inapita humo."

"Humo tu. Hakuna njia nyingine."

Alikata uzi mmoja. Wa pili. Nyingine zikafuata, mpaka upande wa kushoto ukalegea. Alikuwa akipumua kwa mdomo.

"Zikikatika kwa mnyama aliye hai?"

"Hasikii harufu."

"Hata pua ikiwa nzima?"

"Pua inakuwa nzima kabisa. Hewa inaingia na kutoka, lakini habari haifiki."

Mkasi ulisimama. "Na zinakatwa na nini? Si mpaka uingie na mkasi?"

"Ah, hata mshtuko unatosha. Tuseme mtu kaanguka, kapiga kisogo. Ubongo unatikisika ndani, unarudi nyuma, unakwenda mbele, na chujio ni mfupa, halisogei. Nyuzi zinakatika zote kwa mpigo. Kwa nje hutaona kitu." Daktari alikuwa akizungumza huku macho yake yakiwa kwenye kitumba. "Endelea, mzee, upande wa kulia bado."

Hakuna aliyemwona akifika huko alikofika. Aliona kigoda, pazia nusu limetundikwa, na mkewe akiinuka sakafuni akicheka. Aliona mgeni na maziwa yake. Na mkono, ule mkono wa pigo moja ambao ulikuwa umejizuia tangu asubuhi, ulipoona mwenyewe hayupo, ukafanya ulichokijua. Ukanyanyua.

Kitumba cha kushoto kilikuja na ubongo, kizima, kikining'inia. Cha kulia kilibaki kwenye fuvu, kimechanika nyuma kama ukingo wa mkate.

Jokofu lilinguruma, likanyamaza.

"Nimekiharibu," alisema Mzee Vichwa.

Daktari aliuchukua ubongo kwa viganja viwili, akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu. "Kimoja kimetoka," alisema mwishoni. "Kulia na kushoto huwa havitofautiani sana. Tutapima kimoja tutazidisha kwa mbili. Nitaandika kwamba ni mnyama mmoja, na upande mmoja. Watu watanicheka kidogo."

"Watakucheka kwa sababu yangu."

"Watacheka tu, mzee. Huwa hawahitaji sababu."

Akapima. Akaenda ukutani, akakifuta kile kitone kilichokuwa chini na tumbili, akaweka kingine kwa kalamu ya risasi, maana hakikuwa cha kuaminika sana. Kilikaa juu ya mstari, juu ya paka, jirani na fuko. Daktari alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa ametumia miezi yote hiyo kujua jambo ambalo kila mkulima mwenye ghala alikuwa akilijua, na hata sasa alilijua nusu.

"Hizo nyuzi," alisema Mzee Vichwa, akikunja vifaa ambavyo havikuwa vyake. "Kwa mtu. Huota tena?"

Daktari aligeuka. "Kwa wengine hurudi kidogo kidogo. Kwa wengine hazirudi. Nani kaanguka?"

"Kuna mtu," alisema.

Getini mlinzi alifungua mdomo, akautazama uso ule, akaufunga. Akafungua na geti, kabla hajaombwa.

Mkewe alikuwa ukumbini akichambua nguo za kufua kwa macho tu, bila kunusa ipi ni chafu. Mzee Vichwa alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Ulipoanguka," alisema, "ulipiga wapi?"

"Leo ndiyo unauliza?"

"Nionyeshe."

Alimwonyesha. Mzee Vichwa aliweka kiganja pale, kisogoni, chini ya nywele zilizosukwa, na hapo akamweleza habari za chujio na nyuzi, na chumba kidogo nyuma ya pua kinachokaa kikingoja habari. Hakujua kueleza vizuri. Alirudiarudia. Mkewe alimsikiliza bila kupepesa, nguo ikiwa mapajani, na alipomaliza akaiweka chini.

"Kwa hiyo ulitaka panya akwambie," alisema.

"Mama watoto..."

"Mimi nimesema na mdomo wangu, mwezi kwa mwezi, chumba kimoja na wewe, mto mmoja. Hukunisikia. Panya, tena mfu, kakwambia mara moja tu ukaja mbio."

Mzee Vichwa aliiweka kofia sakafuni, akaketi kando yake.

"Zitarudi?" aliuliza mkewe.

"Kwa wengine."

"Mimi ni wengine gani?"

"Hakusema."

Mke aliinuka akaenda jikoni. Mzee Vichwa alisikia kitambaa kikiondolewa juu ya sufuria, na moyo ukamruka, lakini ilikuwa ni kuondoa kitambaa tu. Alirudi na chombo cha maziwa, akamsogezea puani kama mtu anayemwonyesha mtoto dawa. "Haya. Pua si unayo."

Alinusa. "Yameharibika."

Mkewe akayamwaga nje. Akaleta unga. "Mzima." Akaleta mafuta, ndizi, kitambaa cha kufutia vyombo. "Hicho kifue." Akaleta shati la Mzee Vichwa mwenyewe, akacheka kidogo kwa uso aliouona, kicheko chake cha kwanza tangu mikate ianze. Mwanga ulikuwa ukipungua dirishani, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo wakahamia chumbani kulikobaki nuru kidogo. Mkewe akajilaza na nguo zake, kachoka. Halafu akaingiza mkono chini ya mto.

"Na hili," alisema.

Lilikuwa sweta.

"Mie sipati kitu," alisema, "wala sijui kama ni pua yangu au ni lenyewe limekwisha. Niambie tu. Bado lina mtoto?"

Mzee Vichwa alilichukua, akalitia usoni, akavuta. Alivuta tena.

"Sabuni," alisema.

"Najua sabuni. Nilikosea nikalifua. Nyuma ya sabuni?"

Alikaa nalo usoni kwa muda. "Nyuma ya sabuni," alisema, "maziwa. Na lile jasho lake la shingoni, akitoka kulala."

"La uchachu kidogo."

"La uchachu kidogo."

Mkewe alifumba macho. Alihema mara moja kwa kina, kama mtu aliyetua ndoo, na kabla nuru haijamalizika dirishani alikuwa amelala, kiganja chake wazi juu ya shuka.

Haya ya mwisho aliniambia mzee mwenyewe, mkewe alipokwenda kupeleka ndoo. Alisema alikaa pale ukingoni na sweta, akaligeuza nje ndani, akanusa mikono, akanusa kola, akanusa mshono wa kwapani pale ambapo maji ya kufulia huwa hayafiki. Alikwenda polepole, kipande kwa kipande, bila pupa. Alijilaza kando ya mkewe bila kuvua viatu, sweta usoni, akiendelea kutafuta nyuma ya sabuni kile alichokwisha kumwambia mkewe kwamba kimo. Na hapo usingizi ukamkuta.